Madigadi ya Kijivu

"Sefakor, hii madigadi yangu mbona imehama?"

Baba alikuwa ameishika simu yangu kwa mikono miwili. Teksi aliyoiendesha hapa mjini Ho, Ghana, miaka kumi na tisa, kabla mguu haujamkatalia, Elikem mchumba wangu aliichora kwa ajili ya gemu tunalolitengeneza, lile la kuendesha gari ukilitazama kutoka juu. Kila gari huhitaji picha thelathini na mbili, moja kwa kila upande linakoelekea, ndipo likikata kona lionekane linazunguka. Teksi ya baba haikosewi: madigadi zote rangi ya chungwa, isipokuwa ya mbele kushoto. Hiyo ni ya kijivu, aliibadilisha baada ya ajali, hakuipaka rangi mpaka leo.

Nikaikatisha kona. Ikienda mashariki, kijivu kiko kushoto. Ikienda magharibi, kimerukia kulia.

Nikaelewa. Elikem alichora nusu na kidogo, kumi na tano zilizobaki akazigeuza kama kwenye kioo. Hiyo ni kazi ya Jumamosi tatu. Yeye alichukua sita, simu imezimwa, eti nisimsumbue, anachora gari la mkwe. Na mimi mjinga nikawa namsifia kwa watu.

Nikampigia.

"Jumamosi tatu nyingine ulikuwa wapi?"

"Zipi tena, Sefa?"

"Umechora nusu, Elikem. Usinizungushe."

Akasema taratibu, "Kwa Mawuena. Tulikuwa tunaagana tu."

"Mara tatu kumuaga mpenzi wa zamani?"

Nikakata simu. Wazee wake walikuwa waje wiki ileile kubisha hodi ya posa na chupa mbili za schnapps, ile pombe kali, kama mila inavyotaka, na mama alishanunua kitambaa. Nilimpenda mtu yule, sitadanganya. Nililia mpaka kichwa kikaniuma, ndipo nikamwandikia: "Waambie wazee wasije."

Jumamosi akaja peke yake. Nilimsikia akipiga hodi getini. Nilikuwa nachora picha ya tisa kati ya zile kumi na tano alizoziruka, narudisha kijivu mahali pake.

"Nimfungulie?" baba akauliza.

"Amekuja na nini?"

Baba akachungulia dirishani.

"Chupa moja."

"Basi mwache hapo hapo, baba. Huyu kila kitu chake ni nusu."

Machozi yalinitoka tena, lakini picha ya kumi niliimalizia siku ileile.