Majani ya Juu ya Kabeji

Kila asubuhi Fundi alikuwa anaingia chumba cha nyuma kabla hata ya kunawa uso. Humo alikuwa anafuga nyenje kwenye ndoo, anawauzia wafugaji wawe chakula cha kuku. Zamani alikuwa anachomelea mageti. Mgongo ukagoma, akaacha. Wakabaki nyenje. Zaidi ya hao, hakuna kipato.

Sasa nao walikuwa wanaisha.

"Wamekula?" mke wake aliuliza toka mlangoni.

"Wanagusagusa tu, kama wafiwa."

Wengine walikuwa wamelala chali, miguu inatikisika. Mayai yalikuwa hayaanguliwi. Fundi akawahurumia, akazidisha kabeji. Alikuwa anaokota majani ya juu, yale muuza mboga anayabandua na kutupa. Ya bure, na alikuwa anayaosha vizuri.

Mwishowe alimwita jirani yao, mama anayefanya kazi ofisi ya kilimo. Yule mama akachuchumaa, akageuza jani moja.

"Umewalisha haya?"

"Nimeyaosha, dada."

"Kabeji inapigwa dawa ya wadudu, na jani la juu ndilo linalolowa zaidi. Dawa nyingine inazama ndani ya jani. Maji hayaitoi. Na nyenje ni wadudu, Fundi."

"Mbona hawakufa palepale?"

"Ukichomelea, cheche si zinaruka?"

"Zinaruka."

"Mwili nao una cheche zake, unapotumia chakula na hewa. Huzioni. Una kinga ya kuzizima. Dawa nyingi za wadudu zinazidisha cheche hizo, na kinga inazidiwa. Mdudu anaungua ndani kwa ndani. Sumu kidogo inaweza isimuue leo, ila inamdhoofisha. Hata mayai yanaharibika."

"Mimi nilipoona wamechoka, niliwaongezea."



"Ndiyo mapenzi yako hayo," mke wake alisema. "Hata mimi umenizeesha hivyohivyo."



"Dawa ya kuwaponya ipo?" Fundi alimuuliza jirani.

"Haipo. Hawa usiwauze, kuku watakula sumu. Wafukie mbali na kisima. Osha ndoo. Panda majani yako mwenyewe, usiyapige dawa."

Fundi aliwafukia wote, hata waliokuwa bado wanatikisa miguu. Yeye na mkewe wakapanda maboga kwenye magunia ya udongo. Mke wake akaenda kufua nguo za watu. Wateja wakahamia kwingine.

Majani yalipokua, mfugaji mmoja aliwapa mayai machache ya nyenje kwenye kopo. Yakaanguliwa. Nyenje wadogo kama sisimizi, ndoo moja tu.

Fundi alichuma jani la boga, akatafuna kipande kwanza.

"Sumu unaweza usiionje," mke wake alisema.

"Najua."

Akatafuna mpaka kikaisha. Halafu akashusha jani ndooni.

Siku zikapita, nyenje wakanenepa.

"Wanaruka, baba watoto. Njoo uone."

"Leo wanaruka, ya kesho hatuyajui," Fundi alisema, akatoka kwenda kuchuma majani mengine.