Usimwamshe Mtoto

Siku ile uani walikuwepo watu watano: fundi rangi wa magari aliyekuwa mwenye karakana; mkewe aliyekuwa fundi cherehani; mama mzazi wa fundi rangi; fundi betri wa mtaani aliyeitwa Chaji; na mtoto wao Kidoti, wa miezi saba, aliyekuwa amelala ndani ya karavani. Wa sita hakuna aliyemwona.

Karavani ndiyo ilikuwa nyumba yao: chumba kimoja cha bati jeupe juu ya magurudumu mawili, chenye kitanda, jiko la gesi na dirisha dogo. Usiku ilikaa katikati ya ua. Asubuhi ilibidi isogezwe hadi ukuta wa nyuma, ili magari ya wateja yapate pa kuingia. Gari la kuivuta hawakuwa nalo. Walikuwa na mota mbili ndogo zilizofungwa chini yake, kila moja na rola yake ya chuma. Unazungusha mpini, rola inabana tairi. Unabonyeza rimoti, na nyumba nzima inakwenda polepole kama kobe aliyeshiba. Ukiachia kidole, inasimama. Majirani walikuja kutazama tu, naye fundi rangi alisimama pembeni, kidole gumba kwenye kitufe, kifua mbele kama rubani wa ndege.

Sharti alilowawekea lilikuwa moja: isisogezwe ikiwa na mtu ndani. Mkewe alilipenda sharti lile. Aliliona ni upendo.

Ni yeye aliyetambua kwanza kwamba mota hazilii tena. Walipoijaribu kwa muuzaji zilisaga kama kinu kibovu. Sasa karavani ilikwenda kimya. Mumewe alisema ametia grisi. Halafu yakaja ya mikono. Nyuma ya karavani, kwenye vumbi la rangi, alikuta alama za viganja viwili, juu sana, mahali ambapo hata mumewe asingefika bila ngazi. Alizifuta kwa kitambaa chenye maji. Kesho yake zilikuwepo tena, zimekandamiza kama za mtu anayesukuma mzigo, na pale palinuka udongo wa kisima kilichokauka. Mumewe alisema ni watoto wa jirani. Shali ya Kidoti ilipokatwa pindo, alisema ni panya.

Alimwamini. Mume anayeamka kabla yako kumchemshia mtoto maji ya kuoga, maneno yake huyapimi kwenye mizani.

Lakini asubuhi ile aliinama kuokota pini chini ya karavani, akaona kati ya rola na tairi mkono wake unapita. Mpini ulikuwa umezungushwa hadi mwisho, ila rola haikugusa kitu. Chaji alikuwa amekuja kuchukua suruali iliyobadilishwa zipu, akamwomba atazame betri.

Kwanza mke alitaka kumtoa mtoto kabla nyumba haijasogezwa, kama kila siku. Mumewe, aliyekuwa akielekea getini kumfungulia mteja, alimgusa bega.

"Usimwamshe, mama Kidoti. Jana hakulala vizuri. Ni hatua chache tu."

Mama mkwe alitabasamu, akasema mwanawe ana huruma tangu utotoni.

Chaji alifungua sanduku la betri lililokuwa ubavuni, akagusisha nyaya zake, akacheka. "Shemeji, betri hii ilikufa kabla sijaota ndevu. Haisukumi hata kigari cha kuchezea." Kisha kicheko kikamkauka, maana jana tu aliiona karavani ikitembea.

Rimoti ilikuwa juu ya ngazi. Mke aliigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma. Hamkuwa na betri. Mlikuwa na pindo la shali ya Kidoti, limeviringwa na kufungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani yake mwenyewe.

Mumewe aliporudi alimkuta amelishika. Mteja alikuwa ameahirisha.

"Baba Kidoti," alimuuliza kwa sauti ndogo, "nani anaisukuma nyumba yetu?"

Alisema yote, macho yake chini. Siku aliyoileta karavani, tairi zilizama kwenye tope nje ya geti, mota zikafa, na watu wakampita kama hawamwoni. Ndipo mlango wa karavani ukagongwa kwa ndani, wakati ndani hamna mtu. Sauti ikasema hodi, hodi ya mtu anayetaka kutoka. Naye kwa mazoea akajibu karibu. Ilimwambia itamsukumia siku zote, na malipo yake ni yeyote atakayelala humo karavani ikitembea. Alikubali, maana nani hulala kwenye nyumba inayotembea? Lakini juzi ilimwambia imechoka kungoja, ikataka rehani, akaipa pindo la shali.

"Na leo ukasema nisimwamshe."

"Ilisema ni yeye au mimi."

Mama mkwe alisikia.

Hakuna aliyekuwa ameigusa rimoti, ila mlango wa karavani ulijifunga taratibu, kama unaofungwa na mtu asiyetaka kusumbua, na nyumba ikaanza kwenda bila mlio wowote, na mke akakimbia akavuta kitasa kikagoma, akakimbilia dirishani, akamwona Kidoti amelala chali anatabasamu usingizini, na kando yake godoro likibonyea pole pole, kwanza mahali pa goti, kisha pa kiwiko, kama mtu mzito anayejilaza karibu na mtoto, na harufu ya kisima ikamjaa puani hadi akakosa pumzi, na katika kukosa pumzi neno moja likamrudia, atakayelala, atakayelala, akaanza kulipiga bati kwa ngumi zote mbili, na mama mkwe akashika makopo mawili ya rangi akayagonganisha, na Chaji akalitwanga bati kwa spana, na fundi rangi peke yake akasimama mikono imelegea, hakuinua hata kidole.

Kidoti alifumbua macho, akalia.

Karavani ikasimama. Ndani, mtu alivuta pumzi kwa hasira, kama aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Mlango ukaachia.

Mke alimtoa mwanawe bila kumtazama mumewe. Mama mkwe alivua mtandio wake akamfunika mtoto, halafu akamgeukia mwanawe.

"Hata mchawi, ukimpa mwana humlea," alimwambia. "Wewe, huyu ni wako."

Waliondoka wote watatu na begi moja. Chaji aliwabebea cherehani hadi chumba walichopanga mtaa wa pili, akakataa hata maji ya kunywa. Ndiye aliyewaambia baadaye kwamba fundi rangi amebaki karavanini, anakunywa kahawa bila sukari na redio iko juu usiku na mchana, asije akalala. Kuhama hawezi, alisema. Akitoka nje ya geti nyumba inamfuata.

Siku ya nne redio ilinyamaza. Karavani ilikutwa ng'ambo ya mtaro mkubwa usio na daraja, matairi makavu, mlango umekomewa kwa ndani. Walipouvunja, godoro lilikuwa na umbo la mtu, bado na joto.

Mama mkwe ndiye aliyekwenda kutoa taarifa kituoni. Walipomuuliza mwanawe alivaa nguo gani mara ya mwisho, alisema hajui, kwa sababu tangu siku ile hakwenda kumtazama.