Ratiba ya Kambi Iliyokataa Kufunguka

Risasi ya pili ilipasua kioo cha pembeni cha pikipiki.

Drusilla Nyangate hakugeuka. Aliibana Yamaha kwa magoti, akakata kona iliyo chini ya mji wa Nyamira, matope yakamrukia hadi kwenye helmeti. Nyuma yake Prado nyeupe ilinguruma. Watu wawili ndani. Mmoja alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani, bastola mkononi.

Saa tatu na dakika tano asubuhi.

Kushoto kulikuwa na shamba la chai. Wachumaji walikuwa wameshatupa vikapu na kulala kifudifudi. Katikati ya mistari ya chai palikuwa na kijia cha kupita mtu mmoja mwenye mzigo. Hakukipima. Aliingia.

Prado ilipiga breki, ikateleza, ikabaki barabarani ikipiga honi kwa hasira.

"Nne, hapa Mnara." Sauti sikioni mwake ilikuwa ya Obwocha, mkuu wake wa kazi, akizungumza kutoka Nairobi; kwa majina ya kazini yeye alikuwa Mnara, Drusilla alikuwa Nne. "Uko hai?"

"Niko. Kitalu ni kitupu. Miche imepakiwa, lori limeondoka. Haron simwoni."

Kule Nairobi vitufe vya kompyuta vilisikika.

"Haron alituma barua pepe alfajiri kwa anwani yako. Ina kiambatisho kimoja. Hakifunguki."

"Hakifunguki kivipi?"

"Kila tukibofya, kompyuta inasema faili imeharibika. Wataalamu wetu wanaomba hadi jioni."

"Jioni migomba ya Gusii nzima itakuwa imeshakwisha, mzee."

"Ndiyo maana nakupigia wewe."

Haron alikuwa karani wa kitalu cha shirika lililojiita Shina Jipya. Wiki mbili nyuma alimnong'oneza Drusilla jambo lililomkosesha raha mpaka leo. Miche elfu nne ya migomba iliyokuwa ikimwagiliwa pale, ya kugawiwa wakulima bure, ilikuwa imedungwa ugonjwa wa mnyauko kwa makusudi. Aliyeileta ni mgeni mmoja kwa jina Varga. Shamba likiingiwa na ugonjwa huo, migomba hung'olewa na ardhi hukaa miezi bila mgomba. Hapo ndipo wakubwa wa Varga huko ng'ambo wangejitokeza na miche yao isiyougua, na kila nyumba ingelazimika kununua kwao, msimu baada ya msimu.

Kisichojulikana kilikuwa mahali pa kuigawa. Tetesi moja ilitaja Suneka. Job, mwenzake, alikuwa amejificha huko na maafisa wanane. Tetesi nyingine ilitaja Nyakoe.

Drusilla hakuamini tetesi. Alimwamini Haron.

Saa nne kasorobo alikuwa Kisii mjini, ameegesha kwenye kichochoro nyuma ya maduka, laptopu ya ThinkPad juu ya tangi la pikipiki. Kichwa cha barua: Ratiba ya kambi. Ujumbe: "Dada, ratiba ndiyo hiyo. Usichelewe." Kiambatisho kilikuwa PDF. Au ndivyo jina lake lilivyosema.

Akabofya.

Faili imeharibika.

Akaifuta, akaipakua upya. Imeharibika. Akajaribu kwenye simu yake ya Samsung. Simu ilizungusha kiduara, ikakata tamaa. Alikuwa amefunzwa kufungua kufuli gizani na kulenga shabaha akiwa anakimbia, lakini hapa alibofya na kubofya tu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Aliinua macho kwa hasira. Kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza palikuwa pamebandikwa karatasi:

TUNACHAPA. TUNASKANI. FAILI ZILIZOKATAA TUNAFUNGUA.

Alipanda ngazi mbili mbili.

Mwenye saiba, duka hilo la intaneti, aliitwa Roselyne. Mama wa miaka hamsini hivi, sweta ya kijivu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakukuwa na mteja mwingine.

"Bwakire," alisalimu. "Kaa, dada. Kuna nini?"

"Ratiba ya kambi, mama. Inakataa kufunguka, na watu wananingoja."

"Kambi ya kanisa gani?"

Drusilla alisita nukta moja. "La kwetu."

Roselyne alivaa miwani, akamtazama juu yake. Aliivuta laptopu.

"Kwanza tuone uzito wake." Alibofya kitufe cha kulia cha kipanya. "Megabaiti tatu na ushee. Vizuri. Ingekuwa imekatika njiani ingekuja nyepesi, au tupu kabisa. Hii imefika nzima."

"Basi mbona haifunguki?"

"Polepole." Aliipitisha kwenye programu ya kukagua virusi. Safi. Akaifungua kwa Adobe. Ikakataa. Akaifungua kwa programu nyingine ya PDF. Ikakataa vilevile. "Ikikataa kwa wawili, si wao wenye makosa."

Drusilla alikwenda dirishani. Akarudi. Akaenda tena.

Chini barabarani, Prado nyeupe ilikuwa inaegesha.

Watu wawili walishuka. Mmoja, mnene mwenye koti la ngozi, alikuwa akimwonyesha fundi viatu kitu kwenye simu. Fundi viatu alitikisa kichwa. Wakamwendea muuza magazeti.

"Mama, tafadhali. Haraka."

"Haraka ndiyo huharibu faili." Roselyne alikuwa amefungua Notepad, ile programu ya maandishi matupu, na kuitupia faili humo. Kioo kikajaa takataka: alama, miraba, herufi zilizopinda. Drusilla aliona fujo tu. Roselyne aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ona hapa. PDF ya kweli huanza kwa kujitaja, husema mimi ni PDF. Hii inasema heic." Akacheka kidogo. "Hii si ratiba. Ni picha ya iPhone. Mtu ameibadilisha zile herufi za mwisho za jina ili ionekane PDF. Ama alikosea, ama alikuwa anaificha."

Alikuwa anaificha. Drusilla alimwona Haron akilini, ameinama kwenye stoo ya kitalu, anapiga picha, anabadilisha jina, anasikiliza nyayo mlangoni.

"Unaweza kuirudisha?"

"Narudisha jina lake tu." Roselyne alifuta herufi tatu baada ya nukta, akaandika nne. Kompyuta ikaonya kwamba faili huenda isitumike tena. Akabofya kukubali bila kupepesa. "Hao hupenda kutisha watu."

"Laptopu yangu haifungui picha za iPhone."

"Yangu inafungua. Maharusi huniletea kila Jumatatu."

Kidude cha flashi kikatoka hapa kikaingia pale.

Picha ikafunguka.

Ilikuwa karatasi ya usafirishaji, imepigwa kwa haraka, kidole gumba kimeziba pembe moja. Lori aina ya Isuzu. Miche elfu nne. Mahali: soko la Nyamache. Saa tano kamili. Na chini yake, kwa mkono: maafisa wa kilimo wasijulishwe.

Si Suneka. Si Nyakoe.

Saa yake ya mkononi ya Garmin ilisoma saa nne na dakika kumi na tano.

Roselyne alikuwa amesoma pia. Akaitazama picha, akatazama uvimbe wa bastola chini ya koti la Drusilla, kisha akasogea mwenyewe kuchungulia dirishani.

"Hii si ya kanisa," alisema.

"Si ya kanisa, mama."

"Hao wanakutafuta wewe?"

"Ndiyo."

"Mlango wa nyuma unatokea kwa mafundi cherehani. Nifute picha?"

"Futa. Na kwenye pipa la taka la kompyuta pia. Kisha funga duka, nenda ukanywe chai kwa jirani."

"Leo nachapa karatasi za mitihani, mteja haingii," Roselyne alisema, akivuta wavu wa chuma wa mlango na kuutia kufuli. "Nenda."

Yule wa koti la ngozi alikuwa na akili. Alimtuma mwenzake ngazi za mbele, yeye akazunguka nyuma. Yeye na Drusilla walikutana kati ya cherehani mbili.

Alitia mkono kotini.

Helmeti ya Drusilla ilimfikia kwanza, mara moja, chini ya sikio. Jitu likaanguka juu ya rundo la sare za shule. Drusilla alichukua bastola yake, akaitoa risasi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kupigia pasi.

"Samahani, mafundi."

Alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Nne kwa Job! Acha Suneka. Nyamache, saa tano!"

"Nyamache? Nina dakika hamsini mpaka huko!"

"Mimi nina arobaini. Mnara, watume watu kitaluni wamtafute Haron. Wavunje kila mlango."

"Imepokelewa," alisema Obwocha.

Barabara ilipanda na kushuka. Migomba pande zote, nyuma ya kila nyumba, majani makubwa yakipunga. Kila kona aliyokata aliiona migomba hiyo akilini ikiwa manjano, imenyauka.

Alifika saa tano na dakika tatu.

Lori lilikuwa limeshafungua mlango wa nyuma. Foleni ilizunguka soko mara mbili. Drusilla alisimamisha Yamaha kwenye mlango ule, akachomoa bastola yake ya Jericho.

"Mikono juu! Hakuna mche utakaotoka tena."

Varga alisimama juu ya lori, shati jeupe, kofia ya majani. Hakuinua mikono. Alitabasamu, kisha akapaza sauti kwa Kiswahili cha kwenye vitabu:

"Ndugu wakulima! Mwanamke huyu ametumwa kuwanyima miche yenu!"

Foleni ikavunjika. Watu mia tatu wakasogea. Jiwe la kwanza likagonga tangi la pikipiki.

Bastola haikuwa na kazi hapa. Drusilla alijua. Akairudisha mahali pake, akavuta mche mmoja, akachomoa kisu na kuukata shina katikati. Akaunyanyua juu.

"Nipeni dakika kumi! Mche mgonjwa hutoa ute wa manjano. Mkiona shina ni safi, nipigeni mtakavyo!"

Mzee mmoja mwenye koti la mvua, Onyiego kwa jina, akasukuma watu na kuja mbele. Alivaa miwani. Akainamia lile shina.

Dakika moja. Tatu. Mguno wa watu ukawa unapanda. Dakika tano, shina lilikuwa jeupe tu. Jasho lilimtiririka Drusilla mgongoni. Alitamani kuhama mguu, kukimbia, kufyatua, lolote ila kusimama.

Dakika ya nane, tone la manjano likajitokeza kwenye mkato. Kisha jingine. Kisha shina zima likawa linavuja ute mzito.

Onyiego aliinuka. "Ni mnyauko," alisema. "Ndio ule uliomaliza migomba ya ndugu yangu."

Watu wote wakageukia lori.

Mkono wa Varga ukaingia chini ya shati. Drusilla akafyatua kabla haujatoka. Kibastola kikaruka, Varga akapiga magoti akishika kiganja. Wakati ving'ora vya Job vinaingia sokoni, wakulima walikuwa wamempokonya viatu, mkanda na kofia, na ikabidi maafisa wamfunge pingu ili kumwokoa.

"Mnara kwa Nne," alisema Obwocha. "Haron amepatikana kwenye stoo ya mbolea. Mbavu mbili zimevunjika. Anaulizia kama ulifungua."

"Mwambie ndiyo." Alishusha pumzi, akamgeukia Job. "Job, kuna aliyekwishapewa?"

Job alisoma daftari la wagawaji. "Mmoja tu. Esnah Nyakerario. Miche sita. Ametangulia nyumbani."

Alimkuta mlimani, dakika ishirini kwa miguu. Bibi mwembamba, gauni limefungwa kiunoni. Mashimo sita yalikuwa yamechimbwa. Mche mmoja ulikuwa umeshaingia udongoni.

"Bwakire, omong'ina, bibi yangu. Nimefuata hiyo miche. Inaumwa."

Esnah alishika kiuno. "Nimeamka gizani kuipangia foleni. Nawe unakuja kuninyang'anya?"

Drusilla alipiga magoti, akaung'oa ule mche kwa mikono, akaukata, wakangoja pamoja. Ute ulipotoka, bibi alitazama migomba yake thelathini nyuma ya jiko, mmoja mmoja.

"Hilo panga lako umekatia nini tangu ufike?" aliuliza Drusilla.

"Mizizi ya hiyo tu."

"Lete."

Walichoma miche yote sita kwa kuni na majani makavu, na panga na kisu vikalala motoni mpaka vikawa vyekundu, visiambukize migomba mingine. Drusilla alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akafukia shimo lile moja, akavaa koti.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza Esnah.

"Wa hapa hapa, mama."

"Hapa wapi?"

Drusilla alikuwa ameshashika njia ya kushuka, mikono mfukoni.