Kumwachisha Sudi Ziwa

Hafsa alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka cheupe.

Alikifuta kwa tambara, akakirudisha, akakichomoa tena, maana kipimo cha kwanza hudanganya. Cha pili kilikuwa cheupe zaidi. Oili ya injini huanza na rangi ya asali, ikizeeka ikawa nyeusi kama kaniki. Hii ilikuwa nyeupe kama tui la kwanza, tena ya uvuguvugu, na injini haikuwa imewashwa tangu jana.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini baada ya arobaini. Mashine yake ya kukamulia miwa ilifanya kazi mbele ya kibaraza chao, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani: magurudumu mawili ya chuma ya kubana muwa, na chini yake injini ndogo nyekundu ya petroli, ya kuvuta kwa kamba. Kazi ikiisha ilisukumwa uani, ikafungiwa bandani kwa kufuli. Siku zote arobaini Hafsa alikuwa ndani na mwanawe mchanga, Nasri, na mashine aliishika mumewe, Miraji.

"Maji hayo," alisema Miraji akichungulia kijiti. "Masika yote haya banda linavuja. Mwaga, weka mpya."

"Ulikuwa ukiipima kila asubuhi?"

"Niliipima." Akajikuna shingo. "Siku nyingine."

"Na chujio la hewa ulilifua?"

"Hafsa, mashine yako hainitaki. Nikivuta kamba inaurudisha mkono wangu." Akamwonyesha kifundo cha mkono kilichovimba. "Wewe ukiigusa inawaka kama imeitwa."

Hilo lilikuwa kweli. Hafsa alikaa miaka saba katika ndoa bila mtoto, na mitano ya mwisho aliikaa na injini ile. Aliizoea kama mtu. Kila asubuhi alipima oili. Kila wiki aliliosha chujio kwa sabuni, akalianika kivulini. Kila akitaka kuigusa kwa ndani, kwanza alifunga koki ya petroli, akachomoa kofia ya plagi na kuiweka mbali, maana injini ambayo plagi yake imevuliwa kofia haiwezi kuwaka ikakukata vidole. Aliipa na jina. Akaiita Sudi.

Utani ulianzwa na Praxeda, jirani aliyekaanga vitumbua kibaraza cha pili. "Mama Sudi, mwanao kaamka?" angeuliza asubuhi.

"Kaamka, kanywa, kacheua," angejibu Hafsa.

Na kila Alhamisi alasiri, kama wafanyavyo wachuuzi wengi wa mtaa ule, Hafsa alitia ubani kwenye chetezo, akaizunguka mashine na moshi wake, akisema, "Sudi mwanangu, kesho tupate riziki." Wateja walicheka. Naye alicheka. Kicheko kile kilimfaa kuliko yale maswali ya watu, kwamba atazaa lini.

Sasa aliimwaga oili ile nyeupe, akaweka mpya. Asubuhi ya pili kijiti kilitoka cheupe. Akaimwaga tena, akatafuta ufa, akakaza nati zote, akaezua bati lililovuja na kuweka jingine. Asubuhi ya tatu kilitoka cheupe, na kiwango kilikuwa kimepita alama ya juu. Injini hula oili ikapungua. Hii ilikuwa ikiongezeka.

Wiki ile ile maziwa ya Hafsa yalianza kukatika.

Nasri alishika titi, akavuta, akaliachia, akalia. Hafsa alikunywa uji wa pilipili manga, akala supu ya pweza, akakandwa kwa maji ya moto. Titi lilijaa, alilisikia likijaa, lakini kila akimpakata mtoto lilikuwa limeshanywea kama mfuko uliomwagwa. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika yote. Kliniki walimpima, na mstari wa kadi uliokuwa ukipanda ukalala, kisha ukainamisha kichwa. "Ukija Jumatatu akiwa hivi tutamlaza," nesi alisema. Hafsa alirudi nyumbani akimshika mtoto kama mtu abebaye yai lenye ufa.

Siku ya Jumanne, saa saba mchana, mtaa umelala kwa joto, Hafsa alikaa kitandani kumjaribu tena mwanawe. Nasri alifungua kinywa, akalala hivyo hivyo kwa uchovu. Hapo ndipo Hafsa alipousikia mlio kutoka uani. Ulikuwa mlio wa kunyonya. Mfyonzo, kisha mmezo. Mfyonzo, kisha mmezo. Na kwa kila mmezo alihisi uzi ukivutwa ndani ya kifua chake.

Alimlaza mtoto, akatoka. Kufuli la banda lilikuwa mahali pake. Akalifungua. Ndani hapakuwa na harufu ya petroli hata chembe. Palinuka kinywa cha mtoto aliyetoka kunyonya sasa hivi. Aliweka kiganja juu ya injini, ile ambayo koki yake ilikuwa imefungwa na plagi yake haina kofia, akaiona ina joto, joto la mwili, na chini ya kiganja chake kitu kikatulia kama kitulizwavyo kilio.

Akatoka kinyumenyume.

Praxeda alimsikiliza mpaka mwisho, akaepua karai. "Mimi ni mtu wa rozari, mambo yenu siyajui," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nimezaa watano. Kila nilipojifungua, yule aliyetangulia alikuwa hivyo hivyo. Anamfinya mwenzake, anataka ziwa. Huo ni wivu wa mtoto, Hafsa. Tafuta mtu wenu."

Mtu wao alikuwa Bi Tausi, mganga wa mtaa wa Mabawa, mama mnene mwenye miwani. Hafsa, na Nasri mkononi, alimkuta akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mwana mbona mwepesi hivyo?"

Hafsa alieleza. Bi Tausi hakuacha kuchambua.

"Ulimpa jina?"

"Nani, Bi?"

"Hicho chuma."

"Nilimpa. Sudi."

"Na ubani?"

"Kila Alhamisi."

"Na ukamwita mwanangu."

"Ilikuwa utani, Bi."

"Utani ni wetu sisi. Wao hawaujui." Sasa ungo uliwekwa chini. "Umekaa miaka mitano unaita mwana mbele ya chetezo, kwa jina, na moyo wako unamtaka mwana kwelikweli. Atakosekana wa kuitika? Kaitika. Kalelewa, kaoshwa, kanyweshwa. Kisha siku moja kaachwa arobaini nzima mikononi mwa baba asiyemjua, na mama alipotoka kampakata mwingine. Ungekuwa wewe?"

"Nifanyeje?" Hafsa alimsogeza mtoto amwone. "Mwanangu anakufa, Bi."

"Mtoto mkubwa anaachishwaje ziwa?"

"Kwa shubiri."

"Basi. Ijumaa, wakati wa sala, mwage oili yote. Weka mpya. Kipake shubiri kile kijiti chake, ukirudishe. Kisha umwambie mara tatu: sikukuzaa. Atakulilia. Ukimwonea huruma, shauri yako. Mtu huyaacha maziwa kwa uchungu. Kwa kubembelezwa hayaachi."

Ijumaa Miraji alikwenda msikitini. Praxeda alizima moto wake, akaja kukaa chumbani na Nasri, ambaye siku ile hakulia tena, alitazama tu. Hafsa aliingia bandani na beseni, spana, oili mpya na shubiri iliyoloanishwa kwenye kikombe. Alifungua mlango wote wazi, hewa ipite, kama afanyavyo siku zote. Akahakikisha koki imefungwa. Akaishika kofia ya plagi, akaiweka juu ya tofali mbali na injini, akaitazama tena kuona kama ipo juu ya tofali.

Alifungua nati ya chini. Kilichotoka kilitoka cheupe tangu mwanzo hadi mwisho, kikajaa beseni, na matiti yake yote mawili yakauma kama yanayokamuliwa. Akafunga nati. Akamimina oili mpya, rangi ya asali. Akakichovya kijiti katika shubiri, akakirudisha mahali pake.

"Sikukuzaa," alisema.

Injini ikatikisika, mara moja, kama mtoto anayeonja kitu kichungu.

"Sikukuzaa."

Kamba ya kuwashia ikaanza kutoka yenyewe, polepole, kipini chake kikielea hewani kwa urefu wa kifua cha mtoto, ikavutwa, na injini ile isiyo na petroli, ambayo kofia ya plagi yake ilikuwa juu ya tofali mbele ya macho ya Hafsa, ikawaka, ikalia, na kilio chake hakikuwa cha chuma bali cha mtoto aliyeachwa sokoni, kikapanda na kupanda huku harufu ya maziwa yaliyoungua ikimjaa Hafsa puani na kooni, na katikati ya kilio kile akaisikia sauti ya Praxeda kutoka chumbani, ndogo, yenye hofu, ikisema, "Hafsa, kakakamaa, Hafsa, mtoto hapumui, njoo," naye hakuweza kwenda kwa sababu kitu kilikuwa kimelishika pindo la kanga yake, chini, pale ambapo mkono wa mtoto hufika.

Lilibaki neno moja. Lilikuwa mdomoni. Akajua, kama ajuavyo mama yeyote, kwamba mtoto anayeambiwa hapendwi humwumiza yule anayependwa. Na alijua jambo jingine, la aibu: kwamba neno lenyewe lilikuwa la uongo. Hakumzaa, lakini miaka mitano hakuwa na mwingine.

Alipiga magoti. Aliweka viganja vyote viwili juu ya chuma kile cha moto, vikaungua, naye hakuvitoa.

"Mkubwa jalala, mwanangu," alisema taratibu. "Mkubwa ndiye huachia. Wewe ulitangulia. Hakuna atakayekutoa mahali pako. Mwachie mwenzio ziwa, ni mdogo."

Mlio ukapungua. Ukakwama, ukaendelea, ukakwama, kama kwikwi za mtoto aliyechoka kulia. Kisha kimya. Kamba ikarudi ndani, na pindo la kanga likaachiwa.

Chumbani Nasri akalia, kilio cha njaa, kikubwa. Kabla Hafsa hajafika mlangoni, kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa.

Jumatatu hawakumlaza mtoto. Wiki mbili baadaye mstari wa kadi ulipanda kama ngazi. Kijiti kilitoka na rangi ya asali kila asubuhi. Hafsa alikwenda Mabawa kushukuru, akamweleza Bi Tausi ukweli, pamoja na lile neno la tatu ambalo hakulisema.

Bi Tausi alivua miwani. Akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Basi unao wawili," alisema. "Angalia usipendelee."

Alasiri ya Alhamisi iliyofuata Hafsa alimwogesha Nasri, akampaka mafuta, akamlaza kitandani. Akaenda kabatini kuchukua kichupa cha wanja, amtie alama ya kijicho kipajini kama watiwavyo watoto wote wa mtaa. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Miraji alikuwa kazini. Ilimchukua muda wa kufungua kifuniko tu.

Aliporudi, alama ilikuwa imeshatiwa. Ilikuwa katikati ya kipaji, nyeusi, mbichi, na mistari ya kidole ilionekana wazi, kidole kidogo, cha mtoto wa miaka mitano hivi. Alama ile ilinuka oili iliyotumika. Nasri alikuwa akicheka na mtu upande wa ukutani.

Hafsa alichukua kitambaa amfute. Kisha akafikiri ni nani atakayeudhika, akakirudisha kitambaa chini, akafunga kichupa cha wanja, na kusema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Ahsante, mwanangu. Umempamba vizuri."