Mchanga wa Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mizani alikoroga mbolea kwenye ndoo ya maji, kisha akamwagilia miche ya nyanya nyuma ya darasa la sita. Walimpa jina hilo kwa sababu alipima kila kitu, hata unga wa mama yake. Miche ilikuwa kwenye masanduku yaliyojazwa mchanga wa ufukweni, bila udongo. Mchanga ulishika mizizi tu; chakula chote kilitoka kwenye ndoo.

Asubuhi moja kingo za majani zilikuwa zimeungua, kama zilizopitiwa na pasi.

"Umezidisha mbolea," mwalimu wa kilimo alisema.

"Nilipima, mwalimu."

"Na mwenzako anasemaje?"

Chiriku, rafiki yake tangu darasa la kwanza, msichana asiyefunga mdomo hata akila, alitazama viatu vyake. "Mimi niliosha mchanga tu. Mambo ya ndoo ni yake."

Mwalimu akamnyang'anya Mizani kikombe cha kupimia. Wenzake wakaangua kicheko: "Mizani imeharibika!"

Mizani hakulia. Sanduku la mwisho lilipandwa juzi na lilikuwa halijapewa mbolea, ila maji matupu. Hata hivyo, majani yake nayo yaliungua. Alimimina maji safi juu ya mchanga wake, akakinga yaliyotoka kwenye matundu ya chini, akayaonja. Chumvi.

Akamwita Chiriku. "Onja."

"Sitaki."

"Kwa sababu unajua ladha yake."

"Niliosha ndoo mbili za kwanza za mchanga, shoga yangu. Nikachoka. Nilidhani haitadhuru."

"Kwa kuchoka sikulaumu. Lakini uliniona nikinyang'anywa kikombe, ukanyamaza."

Mwalimu alipoletewa yale maji, akayaonja na kusikia yaliyotokea, alimrudishia Mizani kikombe mbele ya darasa zima. "Nilikuhukumu bila kupima. Nisamehe." Kisha akamgeukia Chiriku. "Mchanga wenye chumvi tutausuuza, na miche itapona. Kazi uliyoiacha nusu inaweza kumaliziwa. Lakini ukimtwika mwenzio kosa lako, unaharibu kitu ambacho maji hayasafishi. Sema ukweli siku ileile."

Wasichana hao wawili wakasuuza masanduku yote. Wiki iliyofuata majani mapya yalichipua, mabichi hadi kingoni.

Lakini siku ile ya kusuuza, kila Chiriku aliposema, "Hili tayari, halina chumvi," Mizani alichovya kidole, akaonja mwenyewe.