Simu Isiyohitaji Chaja

Kila Jumamosi madrasa ilipokwisha, Asmaa hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye saiba ya shangazi yake Rehana, duka la intaneti lililokuwa nyuma ya soko la Machakos. Alivua viatu mlangoni, akapangusa vumbi kwenye kompyuta zote, kisha akaketi mbele ya ile ya pembeni ambayo wateja hawakuipenda kwa sababu herufi za kibodi yake zilikuwa zimefutika. Hapo ndipo alipoandika blogu yake.

Ulikuwa mwaka wa 2006, na watu wengi mjini hawakujua blogu ni kitu gani. Ukiwaambia ni kama gazeti la mtu mmoja kwenye intaneti, walikuuliza linauzwa wapi. Asmaa, aliyekuwa darasa la saba, hakuchoka kuwaeleza. Alisoma habari za simu, kompyuta na mitambo mipya kwenye tovuti za ng'ambo, akaziandika upya kwa Kiswahili chepesi ili asiyejua Kiingereza naye asiachwe nyuma. Kwa kuwa wasomaji wake wengi hawakuwa na kompyuta, shangazi alimruhusu kuchapisha nakala mbili kwenye karatasi. Moja ilibandikwa kwenye mlango wa saiba. Ya pili ilichukuliwa na Mumo, mwanafunzi mwenzake kutoka Mumbuni, ambaye kila mwisho wa juma alikwenda kwa mjomba wake huko nyuma ya Mitaboni.

Mjomba huyo, Urbanus, alifanya kazi ya kuchaji simu za watu. Stima haikuwa imefika kijijini kwao, kwa hiyo alikuwa na betri kubwa za gari na paneli ya sola juu ya paa. Watu walimwachia simu zao asubuhi, wengine wakaketi kuzingoja, naye akawasomea karatasi ya Asmaa kwa sauti kama mhubiri. Asmaa alisimuliwa hayo na Mumo, na kila alipoyakumbuka alijisikia fahari kubwa.

Jumamosi moja, tarehe mosi Aprili, alikuta kwenye tovuti aliyoipenda habari iliyomfanya akae wima. Kampuni fulani, ilisema tovuti hiyo, imetengeneza simu isiyohitaji chaja. Ukiongea, sauti yako inajaza betri. Ukipaza sauti, betri inajaa upesi zaidi.

"Shangazi, njoo uone!"

Shangazi Rehana alikuwa akimsaidia mteja kufungua barua pepe. "Nakuja. Wewe soma kwanza mpaka mwisho," alijibu bila kugeuka.

Asmaa hakusoma mpaka mwisho. Alitaka awe wa kwanza Machakos nzima kuitangaza habari hiyo, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba hata kasuku aliyefunzwa vizuri anaweza kujaza betri kwa asubuhi moja. Aliiona haina maana, akairuka. Akaandika kichwa cha herufi nene: KWAHERI CHAJA! Kisha akaongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba baada ya miezi michache hakuna mtu atakayechajisha simu tena. Mumo alipofika, karatasi ilikuwa bado na joto la printa.

Kesho yake Asmaa alifungua tovuti ile tena. Juu kabisa palikuwa na maandishi mapya: asanteni nyote mliocheka nasi Siku ya Wajinga.

Masikio yalimwaka moto. Siku ya Wajinga aliijua. Shuleni walidanganyana kila mwaka kwamba mwalimu mkuu anawaita. Lakini hakuwahi kufikiria kwamba watu wazima, wenye tovuti kubwa namna ile, nao hucheza mchezo huo. Akatazama huku na huku. Shangazi alikuwa akiongea na mteja. Haraka haraka akaifuta habari kwenye blogu, akabandua karatasi mlangoni, akaikunjakunja na kuitupa. Akajiambia kwamba yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumatatu, wakati wa mapumziko, Mumo alimjia akitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Sasa, Asmaa! Habari yako imewika kweli! Mjomba amewasomea watu wote, wakapiga makofi."

"Poa," Asmaa alijibu kwa sauti ndogo.

"Halafu akasema afadhali auze betri mapema, kabla hizo simu hazijafika. Amepata mnunuzi kutoka Lukenya. Anakuja leo jioni kuchukua betri zote na paneli. Anampa bei ya kutupa, lakini mjomba anasema ni heri hiyo kuliko kukaa na vyuma."

Siku hiyo Asmaa hakusikia lolote lililofundishwa. Betri zile ndizo zilizowalisha watoto wa Urbanus. Kengele ya mwisho ilipolia, alikimbia mpaka saiba, akamweleza shangazi yote, pamoja na alivyoifuta habari kimyakimya.

Shangazi Rehana hakumgombeza.

"Umeifuta kwenye kompyuta," alisema. "Kwenye kichwa cha Urbanus utaifutaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shika simu, umpigie."

Asmaa alipiga kwa namba aliyopewa na Mumo. Alieleza kwa pumzi moja kwamba simu ile haipo, na kwamba ulikuwa mzaha wa wazungu. Urbanus alisikiliza, kisha akacheka.

"Umetumwa na dada yangu, mama Mumo, sivyo? Yeye hataki niuze. Msichana wangu, mimi niko na karatasi hapa, na imeandikwa. Ya kuandikwa na ya kuambiwa kwa simu, niamini gani?" Akakata.

Machozi yalimlengalenga Asmaa. "Haniamini, shangazi! Anaamini karatasi!"

"Basi tumpelekee karatasi."

Asmaa aliketi na kuandika masahihisho. Shangazi alipoyasoma alikunja uso. "Kichwa cha ile ya kwanza kilikuwa kikubwa kiasi gani?"

"Kikubwa sana."

"Na hiki mbona kama kimejificha?"

Asmaa akaona haya. Akaandika upya, kwa herufi nene zilezile: NILIKOSEA. Akaeleza kila kitu, hata ile sentensi ya kasuku aliyoiruka. Akayaweka masahihisho hayo kwenye blogu, akabandika nakala mlangoni, na shangazi akafunga saiba mapema na kuazima pikapu ya jirani.

Walipofika, jua lilikuwa bado juu ya vilima. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupakia betri moja kwenye gari lake, na Urbanus alikuwa ameinama kuinua ya pili. Watu waliokuwa wakingoja simu zao walisimama wakitazama.

"Mjomba, tafadhali, ngoja!" Asmaa aliita, akamnyooshea karatasi.

Urbanus aliipokea, akaitazama juu na chini, akalitambua jina la blogu. Lakini badala ya kuisoma, alimrudishia. "Soma wewe. Ile nyingine niliisoma mimi, hii ni yako."

Asmaa alisoma mbele ya watu wote. Alipofika kwenye kasuku, bibi mmoja aliangua kicheko, na wengine wakafuata, hata Urbanus mwenyewe.

"Aiya! Kasuku achajishe simu, na mimi nikaamini?" Akamgeukia mnunuzi. "Ndugu yangu, nisamehe. Shusha hiyo betri."

Mnunuzi alinung'unika sana, lakini aliishusha. Kisha Urbanus aliacha kucheka, akamkabili Asmaa. Asmaa akainamisha kichwa. Alikuwa na hakika ataambiwa asilete karatasi zake tena.

"Ulikaribia kuniharibia kazi," alisema Urbanus. "Hilo ni kweli, na sitakuficha. Lakini nimesoma magazeti tangu ujana wangu, na hakuna hata moja lililowahi kuja mpaka hapa mlangoni kuniambia limekosea. Jumamosi nitangoja karatasi yangu."

Asmaa alishindwa kujizuia, akalia, na safari hii ilikuwa kwa furaha.

Shangazi Rehana alimshika bega. "Sasa nisikilize, mwanangu," alisema. "Kupata habari kabla ya wengine si kosa. Lakini kabla hujaitangaza, isome yote, uangalie imeandikwa lini, kisha utafute nani mwingine ameisema. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea tena, wewe ni binadamu, usikosee kwa sauti kubwa halafu ukasahihisha kwa kunong'ona."

"Sitafanya hivyo tena, shangazi."

"Najua. Haya, panda gari, mama yako anakungoja."