Sikio la Kushoto

Kila Jumatano, wanafunzi wa Sekondari ya Letlapeng wakishamaliza makande yao ya mchana, Resego alivaa kofia ya nyanya yake, akachukua daftari na kushika njia ya zizini. Ulikuwa mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, mchanga ukichoma soli za viatu.

Zizi lile halikuwa la mtu mmoja. Ng'ombe na punda waliookotwa wakizurura bila mwenyewe walifungiwa humo wakisubiri kutambuliwa, na ambaye hakutambuliwa kwa muda uliowekwa alipigwa mnada. Resego alikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini Rra Sebolai, yaani Bwana Sebolai, mlinzi wa zizi, alimfungulia lango kama mtu mzima mwenye kazi yake. Binti huyo alimzunguka kila mnyama, akaandika rangi, pembe, chapa ya moto na namna sikio lilivyokatwa, maana kila ukoo wa huko una mkato wake wa sikio.

Akirudi shuleni alijifungia kwenye stoo ya chakula, katikati ya magunia ya mahindi, kwa kuwa magunia humeza mwangwi. Hapo aliwasha simu ya Mwalimu, Mma Kelapile, yaani Bibi Kelapile, akaanza kwa maneno yaleyale ya kila wiki: "Mimi ni Resego. Nimefika zizini leo, na hawa ninaowataja nimewaona kwa macho yangu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa podikasti ya shule, na ilizaliwa kwa aibu. Klabu ya kompyuta ilipotengeneza tovuti, muhula wa kwanza ilipata wageni tisa kwa wiki, na Mompati, mwanafunzi mwenzake Resego ambaye mdomo wake haujui likizo, alidai kwamba watano kati ya hao tisa walikuwa Resego mwenyewe. Wakajaribu kuwavuta watu kwa podikasti za mjini. Waliunganisha milisho ya soka, ya vichekesho na ya mapishi, na kila kipindi kipya kilipotolewa na wenyewe, kilijileta chenyewe kwenye tovuti yao. Wageni wakapanda kutoka tisa hadi kumi na mmoja.

Mma Kelapile hakuwacheka. Aliwauliza tu kama kuna mtu duniani angepitia Letlapeng kutafuta habari za soka. Kisha akawauliza ni kitu gani ambacho watu wangeweza kukipata kwao tu, mahali pengine popote wasikipate. Resego ndiye aliyejibu, "Ng'ombe wa pale zizini." Darasa zima lilicheka, lakini mwezi wa tatu tangu waanze kuwatangaza, kihesabu cha wageni kilisoma mia tatu kumi na mbili.

Kuanzia hapo Resego aliipenda ile namba. Aliiangalia asubuhi kabla ya gwaride na tena kabla ya kwenda nyumbani.

"Ungekuwa unamwamkia mama yako hivyo, angekununulia baiskeli," Mompati alimwambia.

Ikafika Jumatano moja ya joto kali. Kesho yake mkaguzi wa shindano la tovuti za shule angepita, na Resego alitaka akute tovuti imependeza. Alikuwa amepata milisho miwili mipya, mmoja wa hali ya hewa na mwingine wa kwaya, na alikuwa bado hajaiunganisha. Alitazama saa, akatazama jua, akamtazama Mompati aliyekuwa akimalizia andazi.

Mompati alimwambia asijisumbue. Asubuhi akitoka kwao alikuwa amepita kando ya zizi, na hakukuwa na mgeni ila mmoja: ng'ombe jike wa kahawia, paji jeupe, chapa imefifia haisomeki, sikio la kulia limechanwa ncha.

"Una uhakika ni la kulia?"

"Alinikodolea macho na mimi nikamkodolea. La upande huu." Akagusa sikio lake la kulia, vidole vikiacha mafuta.

Resego aliunganisha milisho yake miwili. Kisha akaingia stoo, akawasha simu, na maneno yaliyozoea kutoka yakatoka: amefika zizini leo, na huyu anayemtaja amemwona kwa macho yake. Akamtaja ng'ombe wa kahawia mwenye sikio la kulia lililochanwa, akasema pia kwamba mnada ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Alipotoka nje moyo ulimchoma kidogo, kama kokoto ndani ya kiatu, lakini alitembea nayo hivyohivyo. Mkaguzi alikuja, akasifu, akaondoka.

Jumatatu saa nane mchana mkokoteni wa punda wanne ulisimama kwenye lango la shule. Akashuka mzee mrefu mwenye koti zito, vumbi limemkaa hadi kwenye kope, akaomba kumwona binti wa sauti ile ya ng'ombe. Jina lake lilikuwa Rra Modukanele, na kambi yake ya mifugo ilikuwa kilomita arobaini kutoka hapo. Resego aliitwa kutoka darasa la hesabu.

Mzee alivua kofia kumsalimia, jambo ambalo Resego hakulizoea kutoka kwa watu wazima. Alisema mjukuu wake humpakulia kipindi kila aendapo dukani, naye husikiliza kambini, akitengeneza kamba. Jumamosi alisikia habari za ng'ombe wa kahawia mwenye paji jeupe na sikio la kulia lililochanwa ncha. Ng'ombe huyo aliachwa na marehemu mke wake na alikuwa amepotea tangu masika. Mzee hakusubiri. Jumapili alfajiri alifunga punda, akalala njiani.

"Sasa nimetoka zizini, mwanangu," alisema. "Yupo mmoja anayefanana naye, ila huyo amechanwa sikio la kushoto. Si wangu. Na wewe umesema ulimwona wa kulia kwa macho yako. Basi aliyekuwapo Jumatano, mlinzi amempeleka wapi?"

Resego aliangalia ncha za viatu vyake.

Mzee aliona hivyo akadhani ni woga wa kuwataja wakubwa. Akamwambia asiogope, yeye mwenyewe angelimaliza jambo hilo. Angekwenda kukaa kgotla, barazani, amsubiri chifu aliyetarajiwa kurudi saa tisa, amweleze kwamba Rra Sebolai anauza ng'ombe wa watu kwa mlango wa nyuma. Alirudisha kofia kichwani, akamshukuru kwa kazi yake, akageuza punda.

Resego hakurudi kwenye hesabu. Aliingia chumba cha kompyuta, akafungua tovuti na kukifuta kipindi cha wiki ile. Alikuwa bado ameshika kipanya cha kompyuta Mompati alipoingia kumtafuta.

"Unafuta nini?" Akachungulia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wa haraka. "Hiyo haisaidii, Resego. Hapa umefuta, lakini mlisho wetu ulishakipeleka kwa wasikilizaji. Kimo kwenye simu za watu. Kimo kwenye simu ya yule mzee."

"Ulisema la kulia."

"Nilisema la kulia kwangu. Alikuwa amenigeukia uso." Mompati akanyanyua mkono wake wa kulia, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Na mimi sikusema nimefika zizini. Nilisema nimepita."

Resego alitaka kumjibu vibaya, lakini ilikuwa kweli. Alimfikiria Rra Sebolai, ambaye kila Jumatano humwekea kikombe cha maji chini ya paa la bati, na sasa angeitwa mwizi mbele ya watu. Ilikuwa saa nane na nusu.

Alimkuta Mma Kelapile akisahihisha madaftari na akamwambia yote bila kukaa. Kwamba hakwenda. Kwamba alidanganya kwa sababu ya mkaguzi na ya ile namba. Kwamba alikifuta kipindi asijulikane. Mwalimu aliweka kalamu chini. Alikaza uso, halafu akaulegeza.

"Unataka niende mimi nikamwambie mzee?"

Resego alitikisa kichwa. "Nitasema mimi. Ila twende wote, Mwalimu. Peke yangu nitageuza njiani."

Barazani walimkuta Rra Modukanele amekaa kwenye kigoda, na Rra Sebolai amesimama mbele yake, amekwisha kuitwa, funguo za zizi mkononi. Chifu alikuwa bado hajafika. Resego alipiga magoti kuwasalimia, na akabaki palepale.

"Babu, hakuna ng'ombe mwingine," alisema. "Sikwenda zizini siku ile. Niliambiwa na mtu aliyepita, na nikasema nimemwona mwenyewe. Rra Sebolai hajauza ng'ombe wa mtu. Aliyekosa ni mimi."

Punda mmoja alitikisa masikio.

"Siku mbili," mzee alisema, sauti haikupanda. "Nimekuja siku mbili nikizungumza na mke wangu njiani. Nikimwambia, tumempata." Akajipangusa uso kwa kiganja. Kisha akamgeukia mlinzi, na hapo sauti yake ilishuka zaidi. "Ndugu yangu, mimi nilikuwa tayari kukuvunjia jina lako."

Rra Sebolai aliziweka funguo mfukoni. Alisema jina lake lilikuwa bado lipo, na kwamba punda wale wanahitaji maji na mwenye nao anahitaji chakula, kwa hiyo waende nyumbani kwake. Kwa Resego hakusema kitu, na hilo lilimuuma binti kuliko kofi.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, Resego na Mompati walikuwa zizini. Resego alimzunguka yule ng'ombe mara mbili. Alisimama nyuma yake, wote wawili wakiangalia upande mmoja, akagusa sikio lake mwenyewe la kushoto kabla ya kuandika. Kisha akakumbuka jambo, akakimbia hadi kwa Rra Sebolai, akamwomba Rra Modukanele amweleze ng'ombe wake kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya simu ya Mwalimu. Mzee alisogea karibu na simu. Halafu akamweleza taratibu: paji, pembe moja iliyoinama kama mkono unaoita, sikio la kulia, na jina ambalo mke wake alimpa.

Stooni, kati ya magunia, Resego alirekodi mara tatu, maana mara mbili za mwanzo alilia. "Wiki iliyopita nilisema nimefika zizini. Sikufika. Nilisema sikio la kulia, na ni la kushoto. Mzee mmoja amesafiri siku mbili kwa sababu yangu, na mtu mwaminifu amekaribia kuitwa mwizi. Naomba radhi. Leo nimefika." Akamtaja ng'ombe, akaitaja Ijumaa ya mnada, akaiweka sauti ya mzee mwishoni. Mlisho ukakichukua kipindi na kukipeleka ulikokwisha kupeleka kile cha uongo.

Kesho yake wavulana wa kidato cha juu walimpokea langoni wakifunika macho kwa mikono. "Nimewaona kwa macho yangu," waliimba. Mompati aliwaambia kwamba wao hata wakifumbua macho hawaoni majibu ya mtihani, lakini Resego alipita ameinamisha kichwa. Hakufungua kihesabu. Jumanne nzima na Jumatano nzima alikuwa akitazama barabara.

Alhamisi saa nne, siku moja kabla ya mnada, gari la mizigo lilimshusha mwanamke mnene mwenye shuka begani. Aliitwa Mma Ntsima. Aliwaambia Mwalimu na Resego kwamba alikisikia kile kipindi cha kwanza, rangi ikawa ile, paji likawa lile, akainuka kabisa kwenye kiti, kisha akasikia sikio la kulia na akaketi tena. Wa kwake ni wa kushoto. Alikuwa amekwisha kata tamaa hadi Jumanne, alipomsikia mtoto akisema amekosea. Zizini ng'ombe alimtambua kabla yeye hajamtambua ng'ombe.

"Na yule mzee aliyeongea mwishoni yuko wapi?" aliuliza akifunga kamba. "Mwenye ng'ombe wa pembe inayoita. Ng'ombe wake anakunywa kwenye kisima chetu tangu masika yaishe, na ana ndama."

Rra Modukanele alikuwa angali kwa mlinzi tangu Jumatatu, akiwapumzisha punda na kushona hatamu. Walipomwambia, aliuliza ndama ni wa rangi gani, halafu akatafuta kofia yake pande zote na ilikuwa kichwani.

Punda walipokuwa tayari alimwita Resego kando ya mkokoteni. Binti alijikakamua akasema kwamba watu zaidi ya mia tatu sasa wanajua alidanganya, na kwamba kama mzee hatamsikiliza tena, ataelewa.

"Nitakusikiliza," mzee alisema. "Mtu aliyerudi kusema amekosea, huyo najua nimsikilize namna gani. Lakini kuna jambo ulikosea kabla ya sikio. Mwalimu wako ameniambia ulikuwa ukihesabu watu. Usihesabu, mjukuu wangu. Ukikaa mbele ya kile kisimu, mfikirie mtu mmoja tu, anayekwenda kufunga punda wake alfajiri kwa sababu wewe umesema. Ukimwambia huyo kweli, hata hao mia tatu utakuwa umewaambia kweli."

Alipanda, akagusa punda wa mbele kwa ncha ya fimbo. Mma Kelapile alimwekea Resego mkono begani, wakautazama mkokoteni hadi vumbi lake lilipotua.

Jumatano iliyofuata kulikuwa na joto vilevile. Rra Sebolai alifungua lango bila neno, na chini ya paa la bati kikombe cha maji kilikuwa mahali pake. Resego alikunywa, akashukuru, akafungua daftari ukurasa mpya na kwenda kusimama nyuma ya ng'ombe wa kwanza.